Hirizi, uji na heshima: vya nyumbani viingie kituoni?

Mvutano kwenye vituo vya kulelea watoto mchana huanzia mlangoni. Mtoto wa miezi minane analetwa na hirizi: kifundo cha mvuje, dawa yenye harufu kali, kilichoshonewa kitambaa cheusi na kufungwa shingoni. Mwenzake ana ushanga kiunoni, wa tatu amepakwa wanja machoni na kwenye nyusi, wa nne hajawahi kulala peke yake kwa sababu bibi yake humbeba mgongoni kwa kanga mpaka apitiwe na usingizi. Ndani kuna walezi wawili watatu na watoto wanaozidi ishirini. Mwenye kituo anataka vyote hivyo vibaki nyumbani, na mzazi anaona kama anaambiwa kwao ni washamba.

Wanaotaka kanuni moja kwa wote wana sababu nzito. Mlezi aliyezungukwa na watoto hana nafasi ya kupima kila asubuhi kipi ni salama na kipi si salama, na maamuzi ya papo kwa papo ndiyo yanayozaa ajali. Kanuni iliyoandikwa inakagulika: afisa ustawi wa jamii akifika anauliza, anaonyeshwa, anahakikisha. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeviweka vituo hivi chini ya usajili na ukaguzi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 nao, katika ibara ya 21, unazitaka nchi ziondoe mila zinazodhuru afya na uhai wa mtoto.

Upande wa pili nao haujasimama hewani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake na utamaduni wake. Lakini hoja yao yenye uzito zaidi kwangu ni ya kiutendaji. Mzazi akiaibishwa, anaficha. Hirizi iliyokatazwa shingoni itarudi kesho chini ya fulana, na mlezi atamlaza mtoto bila kujua kwamba kuna uzi. Dawa ya kienyeji iliyokatazwa itanyweshwa alfajiri kabla ya kuja, na saa nne mtoto akianza kutapika hakuna atakayesema amekunywa nini. Katazo lililotolewa kwa dharau linaweza kukiongezea kituo hatari, hata kama karatasi inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo naona kanuni ziandikwe kwa kutaja hatari yenyewe: shingo, koo, pumzi, sumu, moto, mkono wa mtu mbaya. Zisiandikwe kwa kutaja mila. Ukiliangalia jambo hivyo, mila nyingi zinabaki, baadhi zinahama mahali, na chache zinaondoka kabisa.

Tuanze na hirizi. Hatari yake ni uzi. Uzi wa nailoni haukatiki kwa urahisi, na mtoto anayeanza kutambaa akinasa kwenye msumari wa kitanda, hana nguvu wala akili ya kujinasua. Hatari ya pili ni kifundo kufunguka na vilivyomo kuingia mdomoni. Kwa hiyo shingoni hapana, kwa mtoto yeyote, na kanuni hiyo iguse pia cheni ya dhahabu, msalaba, na kamba ya kofia ya baridi. Ikigusa hirizi peke yake, mzazi ana haki ya kulalamika. Mbadala upo: ishonewe ndani ya pindo la nguo kwa mshono wa kurudiarudia, au ihifadhiwe kwenye begi la mtoto wakati wa kulala. Ushanga wa kiunoni ukipitishwa kwenye uzi dhaifu hukatika na kumwaga punje ambazo mtoto ataokota na kumeza. Wa kituoni uwe umefungwa chini ya nguo na kukaguliwa kila anapobadilishwa nepi, au ubaki nyumbani.

Kuna jambo ambalo wapigaji marufuku hulikosa. Hirizi ni habari. Mlezi akiuliza kwa adabu, "Mama, hii alifungiwa nini?", mara nyingi ataambiwa ni ya degedege. Basi huyo ni mtoto aliyewahi kushikwa na degedege, na jibu hilo huenda lisingepatikana kwenye fomu ya usajili inayouliza "magonjwa sugu". Mtoto huyo anahitaji kipimajoto karibu, namba ya mzazi inayopatikana, na walezi wanaojua la kufanya: kumlaza kwa ubavu, kutomtia kijiko wala kidole mdomoni, kuangalia saa, na kumpeleka kituo cha afya bila kungoja mtu aitwe kuja kumfukiza.

Wanja ni jambo jingine. Uliotengenezwa kwa masizi nyumbani na wanja wa manga unaosagwa kutoka jiwe la kung'aa si kitu kimoja. Wanja wa jiwe mara nyingi una madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hudhuru ubongo polepole bila dalili ya kuonekana. Mtoto hufikicha macho, kisha hulamba vidole. Hapa kubadilisha mahali hakusaidii. Mzazi aambiwe waziwazi sababu, na kituo kisipake wala kisirudishie.

Kwenye chakula, sina huruma na desturi moja: kunywesha uji kwa nguvu. Mtoto hulazwa mapajani, mikono ikabanwa, pua ikazibwa au kiganja kikawekwa mdomoni kama mfereji, uji ukamiminwa. Wanaoitetea husema mtoto asiposhindiliwa hatashiba na mama yake atalalamika. Lakini mtoto anayelia anavuta pumzi kwa mdomo, na njia ya hewa ikiwa wazi uji unaingia kwenye mapafu. Anaweza kufa palepale, au akakohoa siku mbili tatu na kuugua nimonia ambayo hakuna atakayeihusisha na uji. Kinachofaa ni kikombe na kijiko, mtoto ameketi wima, mlezi anangoja afungue mdomo. Inachukua muda mrefu zaidi, na vituo vingi vinavyoshindilia watoto vinafanya hivyo kwa uhaba wa watu, sio kwa mila.

Chakula chenyewe cha nyumbani hakina tatizo. Uji wa mtama, ndizi za kupondwa, ugali na mlenda ni afadhali kuliko biskuti. Ubuyu, karanga nzima, bisi na vipande vya muwa ndivyo visubiri, maana mtoto wa chini ya miaka minne au mitano bado hawezi kuvitafuna vizuri. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili joto hupita hapo, kwa hiyo bila friji au kasha la barafu ni bora yatumike mapema zaidi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akikabwa na kitu kooni: alazwe kifudifudi kwenye mkono wa mlezi, kichwa chini, apigwe mapigo matano katikati ya mabega, kitu kisipotoka, ageuzwe abonyezwe kifua mara tano, na kurudia huku mwenzake akitafuta msaada.

Jambo gumu kuliko yote ni heshima. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa mapema kuamkia, kuitikia wito, kutombishia mkubwa na kutotoa ya nyumbani nje. Haya ni malezi mema na yana faida yake. Hayohayo ndiyo anayoyategemea mtu mwenye nia mbaya: mtoto asiyeweza kukataa na asiyeweza kusema. Wakufunzi wa ulinzi wa mtoto wanataka afundishwe majina halisi ya viungo vyake. Wazazi wengi wanasikia matusi.

Sioni kwamba pande hizi zinapingana kabisa. Shikamoo ibaki, itamkwe kwa sauti. Kupakatwa, kubusiwa na kushikwa kusilazimishwe, hata na mgeni wa heshima. Kwa majina, mzazi na kituo wakubaliane neno ambalo muuguzi au askari asiyemjua mtoto ataelewa. "Sehemu za siri", ukiongeza "za mbele" na "za nyuma", linatosha. Majina ya kubembelezea hayatoshi: mtoto akisema mtu ameshika "ua" lake, mlezi atatafuta bustani. Kwenye siri za nyumba, sitaficha kwamba mila inapoteza kitu. Mtoto lazima ajue kwamba mkubwa akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama kwanza, na mzazi anapaswa kuelezwa hivyo siku ya usajili.

Chooni, kanuni ya "mlezi asimguse mtoto" huonekana salama lakini huacha watoto wakikaa na uchafu, wakipata upele, na kwa familia ya Kiislamu wakibaki na najisi. Mtoto atawazwe kwa maji kama kwao, na walezi wanaojulikana kwa zamu, kwenye choo chenye mlango wa nusu: mtoto haonekani akivuliwa, lakini mkubwa anaonekana kuanzia kifuani. Mtoto wa miaka mitatu aanze kufundishwa kujitawaza mwenyewe.

Kwenye kuchukuliwa jioni, kuandika wazazi wawili tu hakuendani na familia zetu, na kumkabidhi yeyote anayesema ni mjomba ni hatari. Orodha ya watu watano, kila mmoja na picha na namba ya simu. Bodaboda asiyekuwa kwenye orodha haondoki na mtoto hata akiwa na ujumbe wa mama.

Kwamba utamaduni unaweza kuwa msingi wa kituo, pwani ina ushahidi wake. Mpango wa Madrasa ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, ulijenga elimu ya awali juu ya chuo cha Kurani kilichokuwa tayari kinaaminiwa, walimu wakiwa wanawake wa mitaa ileile na vifaa vikitokana na vitu vya mazingira. Vifaa hivyo pia vipimwe: kifuu kisuguliwe ncha zote, na mbegu inayopita kwenye gamba la katikati la karatasi ya chooni isichezewe na mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Lugha huachwa nyuma katika mjadala huu, na ni suala la usalama moja kwa moja. Kituo kinachojisifu kwa Kiingereza na kumkemea mtoto anayesema Kiswahili kinamnyang'anya njia ya kusema anaumwa. Mtoto aliyetoka Kigoma akijua Kiha tu yuko vivyo hivyo. Maneno kumi ya kwao yaandikwe na kubandikwa ukutani: maji, njaa, choo, tumbo, kichwa, usingizi, naogopa, ananipiga, sitaki, mama.

Yote haya yanahitaji nusu saa ya mazungumzo siku ya usajili, na mikono ya kutosha kila siku. Mlezi mmoja hawezi kutoka mbio na watoto wachanga zaidi ya wawili moto ukizuka. Kituo chenye mlezi mmoja kwa watoto ishirini hakiwezi kukagua ushanga wala kungoja mtoto afungue mdomo, na kwa kituo hicho katazo la jumla ni sawa mpaka kiajiri au kipunguze watoto, mradi wazazi waambiwe sababu ni uchache wa watu.