Printa ya picha nyumbani: tatizo ni miezi ya kimya

Zamani mgeni akiingia nyumba ya Nairobi, kabla chai haijachemka alikuwa ameshapakatishwa albamu. Siku hizi anapewa paswadi ya WiFi. Picha ziko, maelfu, ila zimelala kwenye simu, na simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu zinaenda nayo. Ndipo mtu anapowaza kununua printa yake ya picha, na si wazo baya.

Ubaya ni hesabu. Tuseme umenunua ya shilingi 20,000 na nyumba yako inatoa picha 10 kwa mwezi. Kwa miaka 3 hizo ni picha 360, na kila moja imekula kama shilingi 55 kabla hujagusa wino wala karatasi. Na picha 10 kwa mwezi ni familia yenye bidii! Wengi wetu hutoa 40 Desemba, kisha kimya hadi ubatizo mwingine.

Kimya hicho ndicho sumu ya printa za wino. Matundu ya kichwa cha printa, sehemu inayonyunyizia karatasi wino, ni membamba mno. Ikikaa bila kazi, wino hukaukia humo. Yangu ilinitolea picha ya mama kitenge chake chekundu kikiwa cha njano, uso umeingia ukijani. Nikabonyeza kusafisha kichwa mara tatu. Usafishaji huo hunyonya wino uleule ulionunua, kwa hiyo mama aliporudi rangi yake, katriji ilikuwa karibu tupu.

Kuna aina nyingine, kama Canon Selphy, inayohamisha rangi kwa joto kutoka kwenye utepe. Karatasi huingia na kutoka mara nne: njano, waridi, buluu, mwisho utando mwangavu wa kuikinga. Watoto huacha katuni waje kuitazama. Haina wino wa kukauka. Lakini haivuki saizi ya postikadi, na karatasi huuzwa pamoja na utepe wake, kwa hiyo hata ukitoa nyingi hupati nafuu kubwa. Utepe uliotumika nao hubaki na sura za picha zako; usiutupe ovyo.

Studio ya mtaani haikudai chochote miezi usiyoihitaji. Ila tunaipelekea picha kwa WhatsApp, ambayo huzibana, kisha tunamlaumu fundi. Picha ya inchi 4 kwa 6 hutosheka na nukta (pikseli) 1,200 kwa 1,800, basi mara nyingi huponea hata ikibanwa; ya kutundika ukutani itume kama dokumenti.

Printa ya tangi, ya wino wa chupa, ningemshauri anayepiga picha za pasipoti kila siku. Kwa nyumba ya kawaida, studio inashinda, isipokuwa mkinunua kwa pamoja. Yangu ya wino niliiuza. Sasa kaya tatu tuna moja ya utepe, inakaa kwa shemeji mtaani Umoja, na anayeitaka huenda na karatasi zake.