Ubani wa Dhofar, mizani ya Mfaransa

Shangazi aliporudi kutoka Maskati alinitolea mkobani kichupa cha Amouage Gold, manukato ya Oman, kilichobaki robo. Kifuniko chake kina umbo la kuba la msikiti. Cha wanaume, akanieleza, ni mfano wa mpini wa jambia. Nikataka kujipulizia pale pale. "Ngoja kwanza mwanangu," akasema. "Manukato haya hayavaliwi juu ya nguo kavu."

Basi nikatia kaa kwenye chetezo, nikadondosha udi, nikaitanda kanga juu ya moshi mpaka ikakolea. Ndipo nikapuliza mara mbili tu, shingoni na kwenye pindo.

Mwanzo yanapanda kwa ukali, safi kabisa, kama mche wa sabuni ndiyo kwanza unafunguliwa karatasi. Hiyo ni kazi ya aldehaidi, kemikali zilizoipa Chanel No. 5 sifa yake tangu 1921. Yakitulia, waridi na asmini zinafunguka. Ubani wenyewe hauna haraka. Nusu saa nzima ulijificha, kisha ukatoka na ule uchachu wake wa ganda la limau, ukakutana na moshi wa udi uliokuwa umelala kwenye kanga. Chini kabisa kuna manemane na kitu kizito chenye joto la mwili, mambo ya zabadi na miski. Kulipokucha kanga ilikuwa bado inanukia.

Manukato haya yalizaliwa 1983. Sultani Qaboos alitaka Oman irudi kwenye uturi kwa heshima yake ya zamani, na kazi ya kuyatunga akapewa Guy Robert, Mfaransa aliyekwisha kutunga Madame Rochas mwaka 1960 na Calèche ya Hermès mwaka 1961. Akapewa ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, ule unaopatikana kwa kuuchanja mti: utomvu hutoka mweupe kama maziwa, ukakauka kwenye gome na kuwa machozi magumu.

Kuna jambo moja ambalo naamini mgeni yule aliliona na sisi tusingeliona. Kwetu ubani una kazi zake: maulidi, kisomo, nyumba yenye msiba. Hata mchango anaopewa mfiwa tunauita ubani. Najua wasichana wa rika langu wasioutaka kabisa mwilini kwa sababu unawakumbusha matanga. Guy Robert hakuwa na mzigo huo. Aliuchukua akauweka katikati ya maua, ukavaa harusi.

Wapo wanaosema kwamba basi hayo ni manukato ya Kifaransa tu, ya Kiarabu ni jina na chupa. Sikubaliani nao. Mpishi alikuwa mgeni, ndiyo, lakini jiko lilikuwa la Oman, na mwenye jiko ndiye aliyeamua siku ile kinapikwa nini. Wafaransa walianza zamani kuchezea harufu za Mashariki. Guerlain walitoa Shalimar mwaka 1925, wakaiita kwa jina la bustani za Lahore, lakini Lahore haikuulizwa neno. Hapa aliyepiga hodi alikuwa mwenye ubani, na jina lililobaki kwenye chupa ni lake. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchanganya na kuchukua.

Tena mchanganyiko wenyewe una adabu. Ustadi wa Kifaransa ni kumaliza kazi yote ndani ya chupa, ukishapuliza, umevaa. Sisi tunamalizia mwilini. Mtazame bibi harusi wa Unguja: asuguliwe singo, apakwe liwa ya msandali, nguo zifukizwe udi, mafuta ya halud nyuma ya masikio, kikuba, yaani kishada cha asmini na maua ya kilua, kifuani. Hakuna chupa moja yenye harufu ile, imejengwa juu ya ngozi yake, tabaka kwa tabaka. Gold imekamilika peke yake, lakini ukiitia moshi chini inapokea, haigombani nao. Nimejaribu hivyo na manukato mengine ya Ulaya yaliyoandikwa "oud", yaani udi, kwa herufi kubwa, na mengi yaligeuka kuwa makelele.

Ninapofika hapa naona uchungu. Sisi wa visiwani ni ndugu wa damu wa mila hii. Pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kinachotoa mafuta ya mikarafuu. Jirani zetu wa Komoro wanakamua langilangi inayoingia kwenye manukato makubwa ya Ulaya. Lakini jina letu likitokea kwenye chupa, mara nyingi limeandikwa na mtu mwingine. Nilishawahi kuikuta moja dukani uwanja wa ndege, imebandikwa jina la kisiwa chetu. Nikaifungua kwa hamu. Ilinukia nazi na vanila, kama keki. Hakuna aliyetia hata karafuu.

Namtaka mtu wa kwetu afanye kama walivyofanya Waomani: amwite fundi popote alipo, Paris au Mumbai, amkalishe barazani jioni wakati asmini inatungwa, ampe kilua akinuse kikiwa kibichi na akinuse tena kikishanyauka usiku kucha, kwa sababu ni harufu mbili tofauti. Kisha amwambie tunataka nini. Karafuu isiwe ya kukolezea tu, ishike usukani.

Kichupa cha shangazi kimebaki matone. Nayaweka kwa harusi ya mdogo wangu, na mama ameshasema udi atapika mwenyewe.