Njia ya Bagamoyo Ilianzia Kwetu Unyamwezi

Juzi jioni binti wa kaka yangu, yuko darasa la sita, alinijia na daftari la historia huku machozi yanamlengalenga. Swali lilisema: nani waligundua Ziwa Tanganyika? Yeye akaandika, "Waha wa Ujiji." Akakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni likaandikwa jibu linalotakiwa: Burton na Speke, 1858.

"Shangazi," akaniuliza, "kwani waliokuwa wanavua pale walikuwa hawalioni?"

Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Mwalimu simlaumu sana, maana jibu hilo hilo nililikariri mimi mwaka wangu wa mtihani, na yeye bila shaka alilikariri kabla yangu. Ninachokasirikia ni kwamba tunaendelea kulirithishana.

Tuanze na hilo la kuona. Februari 1858, kati ya wasafiri hao wawili Waingereza, Speke alifika ziwani akiwa na ugonjwa wa macho uliomfanya asiweze kuliona. Burton aliona kitu kinameremeta kwa mbali, akauliza ni nini kile. Aliyemjibu kwamba yale ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Kabla ya hapo, wakiwa Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwenyeji wao Snay bin Amir alikuwa ameshawaeleza kwamba huku bara kuna maziwa mbalimbali, wakati ramani za Ulaya zilichora bahari moja kubwa. Ujiji wenyewe waliukuta ni mji wenye soko na mitumbwi. Sasa hapo kimegunduliwa nini, na nani?

Ila kinachoniuma zaidi ni upande ambao hadithi hii huanzia. Tunafundishwa kwamba bara lilifunguliwa kutoka baharini, watu wa pwani na Wazungu wakipanda kuelekea magharibi, na sisi tumekaa tunawasubiri. Sivyo. Mnamo mwaka 1800 hivi, misafara ya Wanyamwezi ilikuwa inateremka pwani yenyewe, na pembe zake za ndovu, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Na hata pembe zilikuta njia ipo. Chumvi ya Uvinza imechemshwa na kuuzwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walikwenda Uvinza kufuata chumvi, wakapita vijijini kuuza majembe, na njia zikaungana moja baada ya nyingine hadi zikafika baharini. Hata jina letu, wengi husema, tulipewa na watu wa pwani kwa sababu tulitokea upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Walituita hivyo kwa kuwa walituona tukifika kwao!

Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Baba alimkuta mzee sana, na anachokumbuka ni sugu kwenye bega la kulia, ngumu kama kisigino. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni kilomita 800 hivi. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mali yote ilipita mabegani. Msafara ulingoja mavuno yaishe, ukatoka kiangazi, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kirangozi alitangulia mbele, na kwa kila mtemi waliyepita kwake walitoa hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa ushuru halali wa njia. (Ningependa siku moja kuandika jinsi neno hilo lilivyoharibika, ila si leo.) Babu huyo aliporudi alikuwa na doti mbili za merikani, yaani kitambaa cha pamba, na shanga. Bibi alisema shanga zile zilizikwa pamoja na mke wa babu huyo.

Na hawakuishia pwani. Ngelengwa, Msumbwa wa huku kwetu (Wasumbwa huhesabiwa pamoja na Wanyamwezi), aliyefuata shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, kama baba yake Kalasa, alihamia kule na watu wake katika miaka ya 1850. Akajenga dola na mji mkuu Bunkeya, akajulikana kwa jina la Msiri, na biashara yake ikagusa bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Wayeke, kizazi cha wale waliohama naye, wapo Katanga hadi leo. Huyo ni Mnyamwezi aliyevuka kwenda magharibi zaidi, na katika daftari la mtoto wetu hayumo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Burton na wenzake waliandika, na mengi ninayoyajua kuhusu misafara hiyo nimeyapata kwenye maandishi yao. Nakubali pia, na hili linaniumiza, kwamba njia ile ilipitisha minyororo. Msiri aliuza watu. Wapo Wanyamwezi waliotajirika kwa wenzao. Mtoto afundishwe na hayo pia, bila kufichwa. Lakini afundishwe kama matendo ya watu waliokuwa na akili, tamaa na maamuzi yao, si kama kiza kilichokuwa kinangoja taa iletwe.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, kwa sehemu kubwa ilifuata mkondo wa njia hiyo hiyo ya misafara. Kila nikipanda treni kwenda nyumbani nalifikiria lile bega.

Ijumaa nitakwenda shuleni na daftari hilo. Nitamwomba mwalimu, kwa heshima yote, alitazame tena jibu la binti yetu. Binti mwenyewe ameniomba niende na baba yangu, ili asimulie habari za sugu.