Fundi anapodai pesa ya kuja kuangalia

Fundi wa matengenezo ya nyumba anayeanza kujitegemea Dar es Salaam hukutana na swali hili kabla hata hajanunua drili: mteja akipiga simu, aende kuangalia tatizo bure, au alipwe kwa kwenda? Wateja wengi wana jibu tayari. Anayetaja pesa ya ukaguzi kwenye simu ni tapeli au hana shida na kazi, na simu inayofuata inaenda kwa mwingine.

Hofu yao ina msingi. Wapo mafundi waliotumiwa "nauli", wakafika, wakagusagusa bomba, wakasema kifaa kinapatikana Kariakoo tu, na wasionekane tena. Nani ataenda polisi kwa shilingi 10,000? Tena anayeanza hana jina, na pale kijiweni wapo wenzake watakaokuja bure. Kwa kazi za mtaani kwake, za kwenda kwa miguu, kudai pesa ya kuangalia ni kujiharibia: robo saa si hasara, na habari kwamba ulimtoza jirani kwa kuchungulia sinki itasambaa kabla hujafika nyumbani.

Kazi ikiwa mbali hesabu inageuka. Bomba la nusu inchi linadondosha maji Tegeta, fundi anakaa Mbagala. Kubadilisha washa, kile kiraba kinachozuia maji ndani ya bomba, ni dakika 15: funga geti valvu (koki ya kukata maji), fungua kichwa cha bomba kwa spana, toa washa iliyolika, weka mpya. Lakini akifungua akakuta ndani hakuna washa bali katriji ya kauri, kifaa kizima kinachofungua na kufunga maji, lazima aende dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu katriji hazifanani urefu wala meno ya shina. Ongeza foleni ya kwenda na ya kurudi. Mteja ameona dakika 15, fundi siku imemwishia.

Siku hiyo italipwa tu. Fundi aliyekuja bure huirudisha kwenye vifaa, na ndipo kinapozaliwa cha juu, ambacho wateja hao hao hukilalamikia kila siku. Floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa, inaandikwa bei ya floti na nusu. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba anayelipwa pale tu kitu kinapobadilishwa atakuta kitu cha kubadilisha, hata akiwa mtu mwaminifu.

Angalia choo kisichoacha kutiririsha maji. Weka rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi, subiri dakika 20. Rangi ikitokea kwenye bakuli bila maji kumwagikia kwenye mdomo wa bomba la ziada (la kupitishia maji yaliyozidi), mpira wa chini umekakamaa na haubani. Lakini maji yakiwa yanamwagikia kwenye mdomo huo, jaribu kwanza kushusha floti hadi maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo huo. Mara nyingi inatosha. Ni kuzungusha skrubu tu, hakuna kilichonunuliwa. Sasa fundi aliyevuka jiji zima atamwambia nini mteja? Kusema "seti yote ya ndani imekufa" kunamlipa, kusema ukweli kunamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Umeme wa LUKU unaoisha haraka ni vivyo hivyo. Unazima meinswichi na kutazama taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, huenda kuna waya umechukuliwa kati ya mita na meinswichi. Ikiacha kupepesa, unawasha saketi moja moja uone ipi inavuta sana. Hita ya kuogea ya wati 5,500 peke yake huvuta takriban ampea 24 kwenye volti 230, na mwenye nyumba huenda hajui kwamba watoto wanaoga nayo mara mbili kwa siku. Jibu hapo ni maelezo, na maelezo hayana risiti ya duka. (Kufungua sakiti breka na kurekebisha waya ni suala jingine: hiyo ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA.)

Wengi hupatanisha pande hizi kwa kuikata pesa ya ukaguzi kwenye ufundi mteja akikubali kazi. Ni njia nzuri, ila ikikatwa yote, ziara inakuwa bure tena na kishawishi kinarudi kwa mlango wa nyuma. Kukata nusu kunatosha, na vifaa mteja anunue mwenyewe au apewe risiti ya dukani kama ilivyo. Fundi asiyekubali sharti hilo la vifaa hana haki ya kudai pesa ya ukaguzi.

Wala si kila simu inahitaji safari. Mwombe mteja video ya WhatsApp, afunge mabomba yote kisha apige picha mbili za mita ya maji, moja sasa na nyingine baada ya nusu saa, na aseme kama tangi la juu lilikuwa linajaa wakati huo, maana mita ikisogea bila tangi kujaa, kuna mahali panavuja. Begini ziwepo washa za nusu inchi, tepu ya nyuzi, floti moja, silikoni, fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani) za milimita 6 na 8 na skrubu zake. Safari za dukani zitapungua sana.

Kinachobaki kigumu ni paa linalovuja. Doa kwenye dari si lazima liwe chini ya tundu, kwani maji hufuata mbao za kenchi kabla ya kudondoka. Inabidi kumwaga maji kwenye bati kuanzia chini kwenda juu, kipande kwa kipande, dakika kumi kila kimoja, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Nusu siku imekwisha, na kosa laweza kuwa mpira wa msumari mmoja. Kazi ya namna hii itajwe bei yake kwenye simu, ya watu wawili, kabla fundi hajakodi ngazi.