Shangazi, Ukuta na Mawaziri Wakuu

Shangazi yangu wa Tanga akipiga simu, shikamoo hata hajaiitikia sawasawa, keshauliza: "Baba, huko Uingereza anatawala nani siku hizi?" Zamani nilimjibu kwa maringo. Sasa namwomba asubiri nichungulie kwanza taarifa ya habari.

Si kosa langu. Kati ya 2016 na 2024 nimepita mikononi mwa Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Sita! Na ukuta wa chumbani kwangu unatoka maji tangu enzi za yule wa kwanza. Mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani.

Aliyenifedhehesha ni Liz Truss. Aliingia tarehe 6 Septemba 2022, siku mke wa binamu yangu alipojifungua. Shangazi yuko huko anamkanda mzazi kwa maji ya moto, ananiambia mtoto wanataka kumwita Lizi. Nikawajibu subirini kidogo. Mtoto katoka arobaini, siku nne tu, mama wa watu anatangaza kujiuzulu! Gazeti la Daily Star lilikuwa limeshindanisha naye saladi, majani yale yale ya sokoni, yamevishwa nywele za bandia, waone nani atanyauka kwanza. Saladi ikashinda.

Akaja Rishi Sunak. Shangazi aliposikia mama yake kazaliwa Tanganyika, akapiga kigelegele: "Mjukuu wetu! Mweleze habari ya ukuta." Mei 2024 namwona anatangaza uchaguzi nje ya mlango wake, mvua inamnyeshea, suti chapachapa, mwavuli hana. Nikasema huyu maji ya kichwani tu yamemshinda, ya ukutani atayaweza?

Kura napiga, maana sisi wa Jumuiya ya Madola wakazi wa huku tunaruhusiwa. Nikawapa chama cha Labour. Kampeni nzima kiongozi wao, Keir Starmer, alikuwa akitusimulia kwamba baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza zana. Moyo ukaniambia, ndiye huyu, yule fundi wa njiani kafika!

Kuingia tu, wazee wengi wakakatwa posho ya kupashia nyumba moto. Kelele zilipozidi, wengi wao wakarudishiwa. Na katikati ya kelele hizo tukasikia bwana mkubwa kapewa zawadi na tajiri mmoja: suti, na miwani ya zaidi ya pauni 2,000.

Hilo la miwani nilikosea kumwambia shangazi. Ya kwake nimemwahidi tangu wakati wa Theresa May. Akanyamaza, nikadhani vocha imekata.

"Kumbe huko miwani ya bure ipo," akasema. "Sasa wewe, baba, kura unapiga ya nini? Gombea!"