Iboga ya Gabon na mjonso wa Mahale: nani ametajwa, nani ameachwa

Hapa Kigoma, Watongwe wa Mahale wanasimulia kwamba mzee Kalunde alimwona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mulengelele, naye akaanza kuitumia kutibu kuhara damu. Gabon, upande wa pili wa misitu ya Kongo, husimuliwa habari inayokaribiana mno na hiyo: wawindaji wa msituni waliijua iboga kwa kuwaona nguruwe mwitu na nungunungu wakiifukua.

Iboga ni kichaka cha kivulini, na dawa yake imo katika gome la mzizi. Likitafunwa kidogo, humwezesha mwindaji kukesha bila kuchoka. Likiliwa kwa wingi, huleta maono ya saa nyingi. Katika dini ya Bwiti, inayofuatwa na Wamitsogo na Wafang, mwali hulishwa gome hilo ili akutane na wahenga wake, huku wakubwa wakimlinda usiku kucha kwa nyimbo na kinubi.

Wanakemia wa Ufaransa waliitenga ibogaini, kiini cha dawa kilichomo katika iboga, mwaka 1901, na kuanzia 1939 iliuzwa huko kwa vidonge vilivyoitwa Lambarène, kama dawa ya kutia nguvu. Mwaka 1962 kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 19, Howard Lotsof, aliyekuwa akitumia heroini, aliimeza kwa kutafuta starehe tu, kisha akagundua kwamba arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, aliyoitarajia haikuja. Mwaka 1985 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, ya kuitumia ibogaini kukatiza uraibu, ingawa sheria ya nchi yake ilikuwa tayari imeiweka katika kundi la dawa zilizopigwa marufuku kabisa.

Wako wanaosema kwamba mila yenyewe inatosha, kwa sababu imeilea dawa hii vizazi kwa vizazi. Siwezi kukubaliana nao. Ibogaini huvuruga mwenendo wa umeme wa moyo, na watafiti wameorodhesha vifo 19 vilivyotokea nje ya magharibi mwa Afrika ya Kati kati ya 1990 na 2008, ambapo marehemu walikuwa wameitumia. Baadhi yao walikuwa na maradhi ya moyo ambayo macho ya mlezi, hata awe mzoefu namna gani, hayawezi kuyaona bila kipimo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2024 uliwafuatilia wanajeshi wastaafu 30 waliopewa ibogaini pamoja na magnesiamu ya kuukinga moyo, na hali zao za msongo na huzuni zilipungua sana. Hata hivyo hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo ni mapema kuliita jambo hilo tiba.

Lakini swali la haki halifutwi na kipimo cha moyo. Ni kweli kwamba Bwiti haikuwa na heroini, na kwamba matumizi ya kukatiza uraibu aliyagundua Lotsof mwenyewe, kwa mwili wake; kumwita mwizi ni kumwonea. Ila aliyemtangulia kuujua mzizi huo, kiasi chake na hatari yake hakuandikwa kwa jina kama mgunduzi katika hataza ile. Linganisha na Mahale: Mohamedi Seifu, mjukuu wa mzee Kalunde, ndiye aliyekuwa na mtafiti wa sokwe Michael Huffman mwaka 1987 walipomwona sokwe mgonjwa, Chausiku, akitafuna mjonso, kichaka kichungu ambacho Watongwe hukitumia kama dawa, na makala yao ya 1989 ina majina ya wote wawili kama waandishi. Jina peke yake halilipi ada ya shule, lakini humfanya mtu awe mwenye neno pale mkataba unapokuja.

Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na mwaka 2019 ikazuia isisafirishwe nje, kwa kuwa msitu ulikuwa unachimbwa ovyo. Naiunga mkono hatua hiyo, nikijua udhaifu wake: ibogaini sasa hutengenezwa pia kwa kuanzia na gome la mti mwingine, Voacanga africana, ambao haumo Gabon pekee. Zuio la mpakani linaulinda mzizi, wakati kilichotoka Gabon zamani, bila kupita forodhani, ni maarifa. Ndiyo maana mganga wa Ujiji anayefuatwa na mgeni mwenye daftari ningemshauri wakubaliane kwa maandishi kabla hajatamka jina la mti.