HTTP 200 si risiti

Mfumo wa duka kubwa unatuma oda ya katoni 400 za sabuni kiwandani, seva ya kiwanda inajibu 200 (msimbo wa HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, unaomaanisha "sawa"), na waprogramu wengi wanafunga kazi hapo: ujumbe umefika. Kilichothibitika ni kwamba kuna kitu upande wa pili kimepokea baiti, basi. Huenda ni kifaa cha kugawa mzigo kilichosimama mbele ya seva yenyewe. Huenda ni ukurasa wa "tupo kwenye matengenezo" uliosanidiwa ovyo. Msimbo huo hausemi nani kapokea, kapokea nini, wala kama kaweza kukifungua. Msimamo wangu ni huu: mifumo ya biashara inapozungumza, risiti yenye saini ya kidijitali ina uzito kuliko hata usimbaji wenyewe (kuficha yaliyomo kwa ufunguo), na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi.

Mwenye duka anayelipwa kwa simu hahitaji kufundishwa hili. Hatoi mzigo mpaka meseji ya uthibitisho iingie kwenye simu yake mwenyewe, hata mteja amwoneshe nini kwenye simu yake. Ila akikaa kuandika programu, anasahau. Kwenye Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom (mlango wa kuunganisha programu na M-Pesa), ombi la STK Push, linalomtokea mteja kwenye simu ili aingize PIN, likijibiwa ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Mteja hata PIN hajaingiza. Matokeo yanakuja baadaye kwenye CallBackURL, anwani uliyoitaja ya kupokelea majibu, na huko ndiko ResultCode 0 humaanisha kalipa na 1032 humaanisha kaghairi. Anayetoa bidhaa kwa jibu la kwanza anagawa sadaka.

Itifaki ya AS2, ya kubadilishana hati za biashara kwa HTTP, ilishalijibu suala hili zamani. Ilichapishwa kama RFC 4130 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2005, lakini Walmart ilikuwa imeshaanza kuwataka wasambazaji wake waitumie tangu 2002. Mtumaji anatia saini hati kwa ufunguo wake binafsi, anaisimba kwa cheti cha mpokeaji (faili lenye ufunguo wake wa hadharani), kisha anaituma kwa HTTP POST yenye vichwa vya AS2-From, AS2-To na Message-ID (kitambulisho cha ujumbe). Kwa vichwa vya Disposition-Notification anaomba risiti iliyotiwa saini, inayoitwa MDN. Mpokeaji anasimbua, anahakiki saini, anakokotoa heshi (alama fupi inayotokana na yaliyomo) ya alichopokea, anaiandika kwenye mstari wa Received-Content-MIC ndani ya MDN na kutia saini yake. Mtumaji analinganisha heshi hiyo na ile aliyoihifadhi kabla ya kutuma. Zikilingana, mpokeaji hana pa kukania.

Zisipolingana, usikimbilie kudhani kuna mdukuzi. Mara nyingi chanzo ni kidogo na cha kuudhi. Heshi ya ujumbe wenye saini hukokotolewa juu ya sehemu nzima ya MIME (muundo wa kufungasha yaliyomo), vichwa vyake vikiwemo. Anayekokotoa faili peke yake hatapata jibu sawa hata siku moja. Miisho ya mistari lazima iwe CRLF (alama mbili za kumaliza mstari), na programu iliyozoea LF peke yake ya Linux huharibu hesabu kimyakimya. Kama mnabana faili, kubaliana kama linabanwa kabla ya saini au baada yake. Kuna hata jina la algoriti: programu za zamani huandika sha256, mpya huandika sha-256, na zipo zinazokataa ujumbe kwa ajili ya kistari hicho kimoja.

Sehemu inayoumiza biashara zaidi, hata hivyo, ni oda kufika mara mbili. Inatokea hivi. Faili la MB 80 linafika, na mpokeaji anaamua kulichakata lote, kuingiza kila mstari kwenye hifadhidata, ndipo arudishe MDN kwenye muunganisho uleule. Mtumaji amewekewa kikomo cha sekunde 60. Muda unaisha, anakata, anahesabu kwamba imeshindikana, anatuma tena. Kiwanda sasa kina katoni 800. Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa mantiki yake mwenyewe: muunganisho ukikatika, mtumaji hana njia ya kujua kama kilichopotea ni ujumbe au ni risiti. Hakuna itifaki inayoweza kuliondoa hilo. Kinachowezekana ni kutuma angalau mara moja, na mpokeaji kutambua marudio na kuyatupa.

Kwa hiyo mpokeaji afuate mpangilio huu bila kuuvuruga: pokea, simbua, hakiki saini, andika kwenye diski, rudisha MDN, ndipo uchakate kutoka kwenye foleni. Kwa mafaili makubwa omba MDN isiyo ya papo hapo, inayorudi kwa muunganisho wake kwenye anwani uliyotaja katika Receipt-Delivery-Option. Ukipokea Message-ID uliyoiona tayari, usinyamaze: rudisha MDN ileile ya mwanzo, la sivyo mwenzako ataendelea kutuma mpaka achoke.

Na hapa kuna mtego. Jaribio la kurudia lazima libebe Message-ID ileile. Mtu wa zamu akibofya "tuma tena" na mfumo ukaunda ujumbe upya, Message-ID ni mpya na kinga yote imevukwa. Ndiyo maana mimi huweka kinga ya pili kwenye biashara yenyewe: namba ya oda pamoja na kitambulisho cha mnunuzi viwe na kizuizi cha upekee kwenye hifadhidata. Orodha ya Message-ID nayo idumu kuliko subira ya mtumaji. Mwenzako akirudia mara 3 kila baada ya dakika 30, jaribio la mwisho linaangukia dakika ya 90. Orodha inayofutwa kila saa haisaidii kitu. Mimi huweka siku 7, nafasi ya diski ni rahisi kuliko lori la kurudisha sabuni.

Vyeti ndivyo vinavyoangusha mifumo iliyokuwa inaenda vizuri. Tofautisha cheti cha TLS, kinacholinda muunganisho, na cheti cha saini na usimbaji, kinacholinda ujumbe wenyewe. Hiki cha pili mnabadilishana wenyewe, na ukikibadilisha kuna kipindi cha mpito: seva yako iwe na funguo binafsi zote mbili, ya zamani na mpya, na mwenzako akubali saini za vyeti vyote viwili, mpaka ujumbe wa mwisho uliosimbwa kwa cheti cha zamani uishe njiani. Cha TLS ni habari nyingine. CA/Browser Forum, umoja wa watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, iliamua Aprili 2025 kufupisha maisha yake: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 2027, siku 47 kuanzia 2029. Kampuni ambayo bado inatumiwa cheti cha TLS cha mwenzake kwa barua pepe ili ikipachike kwa mkono iache leo. Iamini mamlaka iliyotoa cheti badala yake.

SFTP, njia ya kuhamisha mafaili? Inasimba vizuri, haitoi risiti. Ukilazimika, andika faili kwa jina lenye .tmp kisha libadilishe jina likishakamilika, mpokeaji asije akachukua nusu.

AS4 ya shirika la viwango la OASIS, ya 2013, inafanya mambo yaleyale kwa XML na SOAP (miundo ya kuandika na kufungasha ujumbe), na Peppol, mtandao wa kubadilishana ankara na oda, iliifanya lazima tarehe 1 Februari 2020. Ninaipendea jambo moja: mpokeaji anaweza kwenda kuvuta ujumbe wake mwenyewe. Ghala linalotumia modemu ya laini ya simu, lisilo na IP ya kudumu, haliwezi kufunguliwa mlango kutoka nje, ila linaweza kubisha hodi kila dakika 5 na kuuliza kama kuna kitu. Kwa mwenye seva yenye anwani ya kudumu na washirika wachache, AS2 inatosha na ni rahisi kuichunguza ikikwama.

MDN yenye neno processed bila kutaja kosa, kwa njia, haimaanishi oda imekubaliwa. Inamaanisha bahasha imefunguka na yaliyomo ni mazima. Kukubali bei na idadi ni kazi ya ujumbe mwingine, kama ORDRSP (jibu la oda) kwa wanaotumia EDIFACT, muundo wa Umoja wa Mataifa wa hati za biashara, nao unasafiri na risiti yake.

Kwenye kumbukumbu usihifadhi faili tupu la oda. Hifadhi ujumbe uliosimbuliwa ukiwa bado na saini yake, MDN iliyorudi, na vyeti vilivyotumika siku hiyo, maana baada ya miaka 3 vitakuwa vimeisha muda na mwenzako atakuwa ameshavifuta.